Upanga Uliorudi kwa Wenyewe: Somo la Barawa



Somo hili halikuanzia katika darsa yetu ya mjini. Lilizuka mbali na pwani, mahali paitwapo Leparua, katika kaunti ya Isiolo. Baadhi yetu tulikuwa tumekwenda Isiolo kuwazuru ndugu zetu, na kutoka hapo tukaalikwa Leparua, nayo ni nchi ya wafugaji, si mbali na Lewa. Baada ya sala ya alasiri tulikaa chini ya mgunga, wenyeji wakatuuliza khabari za twahara, za zaka ya mbuzi na ng'ombe, na za mirathi ya mwanamke. Mwishoni akainuka kijana mmoja akauliza swali ambalo, wala hatuoni haya kulikiri, lilitunyamazisha.

Alisema kwamba wako watu wanaomsimulia dola ya dini itakayokuja: dola isiyo na mwizi wala mlevi, isiyo na hakimu mla rushwa, ambayo amiri wake hahukumu ila kwa Kitabu. Kisha akauliza: "Siku amiri huyo na wenziwe watakapokhitilafiana, itakuwaje?"

Tulimjibu kwa maneno machache, kwa kuwa jua lilikuwa linakuchwa na safari ilikuwa mbele yetu. Tuliporudi pwani tukaona kuwa swali lile lilistahiki jawabu kubwa zaidi. Wala si swali la Leparua peke yake. Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale, vijana wameitwa kwa simulizi hiyo hiyo. Baadhi yao wakaaga kuwa wanakwenda kutafuta kazi, wengine hawakuaga kabisa, wakavuka mpaka kuingia Somalia. Isiolo nayo imepoteza wake. Wako wazazi hadi leo ambao hawajui kama wamsomee mtoto wao hitima au wamwombee arudi. Kwa ajili ya hao twaandika.

KHABARI ZENYEWE

Hatuna haja ya kubahatisha dola kama hiyo itakavyokuwa, kwani imekwisha kuwako, tena jirani yetu. Katika mwaka 2006 Umoja wa Mahakama za Kiislamu uliitawala Mogadishu kwa muda wa miezi sita hivi, mpaka majeshi ya Ethiopia yalipouvunja mwishoni mwa mwaka ule. Kundi la vijana wake, liitwalo al-Shabab, likabaki likipigana. Kufikia mwaka 2009 lilikuwa limeshika sehemu kubwa ya Somalia ya kusini: Kismayu, Marka, Barawa na vijiji vingi vya bara. Likaweka magavana, mahakimu na watoza kodi, likatangaza kuwa hiyo ndiyo serikali ya sharia. Amiri wake alikuwa Ahmed Abdi Godane, aliyejulikana pia kwa jina la Abu Zubeyr.

Barawa si mji mgeni kwetu. Wenyeji wake wa asili husema Chimwiini, ambacho ni Kiswahili cha kwao, na maulamaa wake wamesomesha na kuhukumu katika pwani yetu. Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, aliyekuwa kadhi wa Unguja zama za Sayyid Said, alizaliwa Barawa. Mji huo wa elimu ndio uliokuja kuwa mahali pa kisa chetu.

Khitilafu za wakubwa wa al-Shabab hazikuanza kwa mambo ya itikadi. Zilianza kwa mambo ambayo serikali yoyote hukhitilafiana kwayo: chakula, vita na madaraka. Mwaka 2011 ukame ulikutana na vita, ikawa njaa kubwa. Baina ya Oktoba 2010 na Aprili 2012 walikufa watu wapatao 260,000 katika Somalia ya kusini na ya kati, na nusu yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Godane na waliokuwa upande wake walishikilia kuyafungia mashirika mengi ya misaada. Mukhtar Robow, aliyewahi kuwa msemaji na naibu wa amiri, hakuridhika, kwani waliokuwa wakifa walikuwa watu wake wa Bay na Bakool. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule kundi likaondoka Mogadishu. Oktoba majeshi ya Kenya yakaingia Somalia, na mwaka uliofuata Kismayu ikatoka mikononi mwao. Kila lilipopotea jambo, ikaulizwa ni nani wa kulaumiwa. Godane alikuwa na jibu moja tu: msaliti aliye ndani.

Alikuwa na chombo cha kumtafutia huyo msaliti. Ni idara ya ujasusi iitwayo Amniyat, ambayo ilimtii yeye mwenyewe bila ya kupitia baraza lolote. Idara hii iliundwa kwa ajili ya maadui. Haikuchukua muda ikageuziwa wenziwe.

Machi 2012 Mmarekani mmoja aliyehamia kwao, Omar Hammami, mzaliwa wa Alabama, alijitokeza katika filamu akasema kuwa anakhofia nafsi yake kwa sababu ya al-Shabab wenyewe. Aprili 2013 Ibrahim Haji Jama, aliyeitwa al-Afghani, mmoja wa waasisi wa kundi na rafiki wa zamani wa Godane, aliandika barua ya wazi kwa mkuu wa al-Qaida, Ayman al-Zawahiri. Alilalamika ndani yake kwamba amiri anatawala peke yake, anawadharau wanavyuoni, na anawafunga waliohama nchi zao katika magereza ya siri. Mwezi ule ule Hammami alipigwa risasi, akanusurika. Al-Afghani, Robow na mzee Hassan Dahir Aweys wakatoa fatwa kuwa ni haramu kumuua.

Fatwa hiyo haikuzuia kitu. Katika Juni 2013 watu wa Godane waliwavamia wapinzani wao Barawa. Al-Afghani akauawa, na pamoja naye mkubwa mwingine aliyejulikana kwa jina la Moallim Burhan. Msemaji wa kundi alikiri kuwa wameuawa, akadai kwamba walikataa kukamatwa. Jamaa zao walisema kuwa walikamatwa kwanza, kisha wakauawa. Aweys, ambaye mwaka 2006 alikuwa mkuu wa baraza la shura la Mahakama, na umri wake ulikwisha kupita miaka 70, alipanda mashua akatoroka, akaishia mikononi mwa serikali ya Mogadishu. Robow akakimbilia kwao Bakool, akakaa akilindwa na watu wa kabila lake mpaka Agosti 2017, alipojisalimisha kwa serikali. Hammami akawindwa msituni, akauawa tarehe 12 Septemba 2013. Siku 9 baada yake, watu waliotumwa na amiri huyo huyo waliingia Westgate, Nairobi, wakaua watu 67.

Basi hili ndilo jawabu la kwanza la swali la Leparua. Amiri na wenziwe walipokhitilafiana, kwanza walinyamazishwa, kisha wakaitwa wasaliti, kisha wakauawa. Wenyewe huita jambo hilo kusafisha safu. Sisi twaliita kwa jina lake, nalo ni kuua Muislamu bila ya haki.

Na aliyesafisha hakubaki. Godane aliuawa kwa shambulio la ndege za Marekani tarehe 1 Septemba 2014, na mwezi uliofuata Barawa ikatoka mikononi mwa kundi lake. Lakini mwendo aliouacha ulibaki. Mwaka 2015 wale waliotaka kuiacha al-Qaida na kuifuata Daish walisakwa na Amniyat ile ile, wengine wakafungwa na wengine wakauawa, wakiwamo wageni waliovuka bahari na mipaka kwa kudhani kuwa wanakwenda kwenye uadilifu.

MAMBO HAYA SI MAPYA

Asije mtu akadhani kuwa haya ni makosa ya mtu mmoja mwenye tabia mbaya. Tukirudi nyuma katika tarikhi twaona mwendo ni ule ule.

(1) Makhawariji walimtoka Sayyidna Ali (r.a.) baada ya vita vya Siffin, mwaka 37 wa Hijra, kwa kudai kuwa amekubali hukumu ya watu badala ya hukumu ya Mungu. Wakawakufurisha Waislamu wote wasiokuwa wao. Walipokwisha kujitenga, wakaanza kukufurishana wao kwa wao, wakawa mapande. Mmoja wa maimamu wao, Najda bin Amir, alitawala sehemu kubwa ya Bara Arabu. Wafuasi wake wakamlaumu kwa kugawa mali na kwa kuandikiana na khalifa Abdulmalik, kisha wakamuua wenyewe kiasi cha mwaka 72 wa Hijra. (Hapa hatuwakusudii ndugu zetu Maibadhi, ambao tangu zamani waliukataa mwendo wa kuwaua Waislamu kwa khitilafu, na tumekaa nao pwani hii kwa wema.)

(2) Sudani, Muhammad Ahmad al-Mahdi alifariki mwaka 1885, miezi michache baada ya kuiteka Khartoum. Khalifa wake Abdullahi akashika dola. Mwaka 1891 jamaa za Mahdi mwenyewe, waliokuwa wakiitwa Ashraf, walimpinga katika mji wa Omdurman. Wakapatanishwa na kuahidiwa msamaha. Kisha wakubwa wao wakakamatwa, wengine wakapelekwa Fashoda wakauawa, na Khalifa Muhammad Sharif, aliyekuwa mkubwa wao, akatiwa gerezani. Dola iliyosimama kwa jina la Mahdi ikawaua watu wa nyumba ya Mahdi.

(3) Somalia yenyewe, miaka mia na ushei kabla ya kisa cha Barawa, Sayyid Muhammad Abdullah Hassan alisimamisha dola ya Madarwishi, akapigana na Waingereza na wengineo tangu 1899 mpaka 1920. Mwaka 1909 ilifika barua kutoka Makka, kwa sheikh wa tarika yake mwenyewe, ikimlaumu kwa kumwaga damu za Waislamu. Baadhi ya wakubwa wa Madarwishi wakakutana chini ya mti kushauriana kama wamwondoe. Siri ikafichuka, wengine wakauawa, wengine wakakimbia. Mwaka ule ule watu wake walimuua Sheikh Uways bin Muhammad, yule mwanachuoni wa Barawa ambaye wanafunzi wake walienea mpaka Unguja na bara. Sisi katika kurasa hizi tunakhitilafiana na watu wa tarika katika mambo mengi, wala hatulifichi hilo. Lakini mzee aliyeuawa pamoja na wanafunzi wake kwa ajili ya khitilafu ni mdhulumiwa, na mdhulumiwa hatuulizi kwanza tarika yake.

Msomaji na atazame. Mwaka 1909 barua ya lawama, kisha mauaji. Mwaka 2013 barua ya lawama, kisha mauaji. Majina yamebadilika na silaha zimebadilika. Kilichobaki ni kwamba mwenye kuonya hakupata mahali pa kusimama ila kaburini.

SABABU YAKE

Twaona sababu ni tatu, na zote zaweza kujulikana mapema na mtu mwenye akili.

Ya kwanza, ni kuichanganya amri ya Mungu na rai ya amiri. Kufungua njia ya chakula au kuifunga, kuondoka mjini au kukaa, ni mambo ya rai. Mtu aweza kupatia na aweza kukosea. Lakini amiri akisema kuwa rai yake ndiyo sharia yenyewe, basi anayempinga hapingi rai tena. Ameambiwa kuwa anampinga Mwenyezi Mungu. Hapo jambo la ushauri limegeuzwa kuwa jambo la ukafiri, na adhabu yake imekwisha kutayarishwa.

Ya pili, ni kuiacha shura. Kur'ani Tukufu imewasifu waumini kwa kushauriana katika mambo yao, na sura nzima imeitwa kwa jina hilo. Mtume wetu (s.a.w.), naye ni mwenye kuletewa wahyi, alishauriana na masahaba zake siku ya Uhud, akafuata rai ya wengi ilhali yeye mwenyewe alipendelea kubaki Madina. Ikiwa Mtume hakujiona mkubwa kuliko ushauri, ni nani huyu wa leo anayejiona hivyo?

Ya tatu, nayo ndiyo iliyotuingia moyoni zaidi, ni kukosekana kwa rufaa. Al-Afghani hakuwa na kadhi wa kumshitakia amiri wake. Ilimlazimu aandike barua hadharani kumwandikia mtu aliyejificha mbali na nchi yake. Na hata hizo mahakama zilizokuwako hazikuweza kumwita Godane mbele yao. Yapasa pia tuseme ukweli wote: hao waliodhulumiwa mwaka 2013 walikuwa wameshiriki kuisimamisha dola ile, wakanyamaza zilipokuwa damu za wengine zikimwagwa kwa upanga huo huo. Walipotaka kusema, hapakubaki wa kuwasikiliza. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

ADABU YA KHITILAFU

Je, dini yetu haikutufundisha namna ya kukhitilafiana? Imetufundisha, ila tumesahau.

Sayyidna Ali (r.a.) alitukanwa na Makhawariji msikitini, naye ni khalifa. Yamepokewa kutoka kwake kuwa aliwahakikishia mambo matatu: hawatazuiliwa misikiti, hawatanyimwa fungu lao katika mali ya umma, na hawataanzwa vita maadamu wao hawakuanza. Hakupigana nao ila baada ya wao kumwaga damu. Huyo ndiye mtawala anayejua tofauti ya mwenye kusema na mwenye kuua.

Imamu Malik aliombwa na Khalifa al-Mansur kwamba kitabu chake, Muwatta, kifanywe sharia ya watu wote. Angetaka utukufu angekubali. Akakataa, kwa hoja kwamba masahaba walitawanyika katika miji, na kila watu wana elimu iliyowafikia. Mwanachuoni aliyepewa upanga wa serikali akaurudisha alani.

Na hapa kwetu, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipoona makosa katika umma aliandika. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa al-Islah, mjini Mombasa. Aliwakasirisha wengi, naye akajibiwa. Akaja kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1937, wala hatukupata kusikia kuwa aliwatia pingu waliompinga kwa kalamu. Sisi wenyewe kila mwaka twakhitilafiana kwa mwezi: nyumba hii imefungua, nyumba ya pili bado imefunga. Twabishana, twanuniana siku mbili, kisha twapelekeana sahani za biriani. Watu huona hilo ni aibu yetu. Sisi baada ya kuyajua ya Barawa twaona ndani yake mna neema.

MASWALI MAWILI NA MAJAWABU YAKE

Swali: Serikali zisizokuwa za dini haziui wenziwe? Mbona mwalaumu hawa tu?

Jawabu: Huua, wala hatuzitetei. Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, Abdallah Kassim Hanga na Othman Shariff, ambao wote wawili walikuwa wakubwa katika serikali ile, walirejeshwa huko mwaka 1969 wakauawa. Ugonjwa ni mmoja, nao ni mamlaka yasiyo na wa kuyauliza. Lakini mwenye kuua kwa jina la dini amezidisha dhambi ya pili: amelifanya jina la Mungu kuwa ngao yake, na amewafanya vijana waamini kuwa kuuliza ni kuritadi.

Swali: Basi mwasema kuwa kutaka sharia ni kosa?

Jawabu: Hatusemi hivyo. Twasema kuwa uadilifu haupimwi kwa jina, hupimwa kwa mlango wa kushitakia. Kenya tunazo mahakama za makadhi, ambazo katiba ya 2010 imezitambua. Zinahukumu ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu walioridhia kwenda kwazo. Mwanamke wa Leparua au wa Lamu akiona kadhi amemkosea, ana haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu, na kadhi haoni kuwa amemkufuru Mungu. Twaweza kulalamika kuwa mamlaka yao ni madogo, na kesi hukawia. Lakini hakimu anayekubali kukatiwa rufaa yu karibu zaidi na sharia kuliko amiri asiyekubali kuulizwa.

NASAHA

Kwa walimu wa madrasa: msimfukuze mtoto anayeuliza, hata kama swali lake ni zito. Aliyefungiwa mlango wa kuuliza kwenu atafunguliwa mlango na wengine.

Kwa wazazi: msingoje mpaka kitanda kiwe kitupu. Zungumzeni na watoto wenu khabari hizi kwa majina na miaka kama tulivyozitaja, kwani anayewaita huwasimulia mwanzo wa kisa tu. Sisi tumesimulia mwisho wake.

Kwa vijana: mtu akikuita kwenye dola yake, muulize swali la ndugu yako wa Leparua. Muulize: nikiona kosa la amiri, nitalisema wapi, na nikisha kulisema, nitarudi nyumbani? Ukiona anakasirika, jawabu umelipata. Ukiona mwenzio anyolewa, wewe tia maji.

Ama yule kijana mwenyewe, tulimwacha chini ya mgunga ule, na wazee wa kwao walikuwa bado wameketi, wakizungumza shauri la malisho na maji. Walikuwa wakibishana kwa sauti kubwa, kila mmoja akimkatiza mwenziwe. Hakuna aliyemwogopa mwenziwe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarudishe waliopotea, awasamehe waliokufa wakiwa wamedanganywa, awape subira wazazi wao, na atuwezeshe sote kukhitilafiana bila ya kudhulumiana. Amin.